Sahani haiifanyi seli kuwa ya dopamini: kutoka sakafu ya ubongo wa kiinitete hadi inkubeta ya Goma

Waheshimiwa walimu, waganga na wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa, ndugu wanafunzi, habari zenu za jioni.

Tumeombwa kueleza namna neuroni za dopamini, yaani seli za neva zinazotoa kemikali ya dopamini, zinavyokomaa katika sahani ya maabara zikitokea kwenye ubongo wa kiinitete. Tutaingia mpaka kwenye mikrogramu na dakika, kwa sababu kazi hii huharibikia huko huko. Lakini kuna jambo moja mlishike kwanza: sahani haiifanyi seli kuwa ya dopamini. Mahali ilipozaliwa na siku uliyoichukua vimekwisha kuamua. Kazi yetu ni kuipokea vizuri ili imalizie safari iliyoianza tumboni. Anayelifahamu hili hutafuta kosa lake kwenye meza ya upasuaji. Asiyelifahamu huongeza dawa kwenye kiowevu mwezi baada ya mwezi, na seli hazitokei.

Tuanze na upupu, kwa kuwa kila aliyekulia kijijini anaujua. Vinywele vya ganda lake ndivyo vinavyowasha, lakini mbegu zilizomo ndani zina L-dopa, kati ya gramu 4 na 6 hivi katika kila gramu 100 za mbegu kavu. Hiyo L-dopa ndiyo kituo cha katikati katika kazi ya neuroni tunazozizungumzia. Neuroni huchukua tirosini, ambayo tunaipata kwenye maharage, samaki na maziwa. Kimeng'enya cha kwanza, tirosini haidroksilesi, ambacho kote duniani hufupishwa TH, huigeuza kuwa L-dopa. Cha pili, AADC, huondoa kabonidioksidi, na kinachobaki ni dopamini. Protini ya VMAT2 huipakia kwenye vifuko vidogo ikingoja kutolewa, na protini ya DAT huirudisha ndani baada ya kutolewa. TH haifanyi kazi bila chuma, oksijeni na msaidizi wake BH4. Shikeni majina haya manne, TH, AADC, VMAT2 na DAT, tutayahitaji mwishoni. Na kwa wauguzi: asije mtu akamsagia mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa mtetemeko unaotibiwa kwa L-dopa, mbegu za upupu nyumbani badala ya vidonge. Kiasi cha L-dopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na dozi isiyopimika humwangusha mgonjwa.

Historia tuipite haraka. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, Msweden, aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakalala bila kujongea, kisha akawadunga L-dopa wakaamka. Mwaka 1960 Ehringer na Hornykiewicz kule Vienna walionyesha kwamba ubongo wa waliokufa na ugonjwa wa Parkinson umepungukiwa dopamini. Mwaka 1964 Dahlström na Fuxe waliyapa namba makundi ya seli hizi kwenye ubongo wa panya, na yetu ni A8, A9 na A10, yote katika ubongo wa kati. Kundi la A9 ndilo linalokufa katika Parkinson. Dalili za mwili hujitokeza pale sehemu kubwa ya seli hizo, karibu nusu, zimekwisha kupotea.

Idadi yake ni ndogo mno. Mtu mzima ana kati ya 400,000 na 600,000 katika ubongo wenye neuroni bilioni 86. Panya wa maabara wa aina ndogo (mouse), tutakayemwita panya mdogo, ana kati ya 20,000 na 30,000. Lakini kila moja ina kazi isiyolingana na umbo lake. Kiini na mwili wa seli ni mikromita 20 hivi, wakati uzi wake katika ubongo wa panya mkubwa, yaani wa aina kubwa (rat), ukijumlisha matawi yote yanayoenea kwenye striatumu, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, ulipimwa mwaka 2009 ukakutwa na wastani wa karibu sentimita 47. Seli isiyoonekana kwa macho inatunza uzi wa karibu nusu mita. Ndiyo maana ina njaa kubwa ya nishati, ndiyo maana inachoka upesi, na ndiyo maana sahani isiyotunzwa vizuri huiua kabla ya majirani zake.

Sasa, inazaliwa wapi? Ubongo wa kiinitete huanza kama mrija. Chini ya mrija kuna uti laini uitwao notokodi, na notokodi hutoa protini ya Shh inayoifanya sakafu ya mrija iwe sakafu. Sakafu nayo huanza kutoa Shh yake. Upande mwingine, pale ubongo wa kati unapopakana na ubongo wa nyuma, kuna kiuno kinachotoa protini ya FGF8. Mpaka wa kiuno hicho huwekwa na jeni mbili zinazosukumana, Otx2 kwa mbele na Gbx2 kwa nyuma. Ukimwelekeza mgeni nyumba ya mtu kule Birere, mtaa wa hapa Goma, humtajii barabara moja. Unamtajia mbili na mahali zinapokutana. Seli ya dopamini inazaliwa pale Shh ya sakafu inapokutana na FGF8 ya kiuno, na ishara ya tatu, Wnt1, ikiongezea neno lake. Kazi iliyochapishwa mwaka 1998 ilionyesha kwamba, kwenye vipande vya ubongo vilivyokuzwa nje ya mwili, ishara hizo mbili zinaweza kuzalisha neuroni za dopamini hata mahali ambapo kwa kawaida hazitokei, ila tishu iwe bado changa ya kusikia.

Seli ikiishasikia, huwasha jeni zake kwa mpangilio. Kwanza Foxa2, Lmx1a na Msx1, seli zikiwa bado zinagawanyika ukutani mwa mrija. Kisha Ngn2 inazisukuma kuacha kugawanyika na kuwa neuroni. Halafu Nurr1, na hapo ndipo TH inapoanza kuandikwa. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya aliyezaliwa bila Nurr1 hana neuroni za dopamini katika ubongo wa kati. Pitx3 huja nyuma yake, na panya wasio nayo hupoteza hasa kundi la A9. Baada ya hapo seli huhama: hupanda nguzo za seli mama kutoka ndani kwenda nje, kisha baadhi hujisogeza pembeni, huku nyuzi zikianza safari kuelekea mbele.

Haya yote yana saa zake. Kwa panya mdogo, kuzaliwa kwa neuroni hizi kunaanza siku ya 10 ya mimba na kufifia siku ya 14, na TH huonekana kuanzia siku ya 11 na nusu. Kwa panya mkubwa ni siku ya 11 hadi 15, TH ikianza siku ya 12 na nusu. Kwa hiyo tishu ya kukuza huchukuliwa siku ya 12 au 13 kwa panya mdogo, na siku ya 14 kwa panya mkubwa. Kwa nini siku hizo? Ukiwahi, seli nyingi bado ni wazazi tu, hazijawa neuroni. Ukichelewa, neuroni zimekwisha kutoa nyuzi ndefu na kutenganisha tishu kunazikata. Ukichukua panya mkubwa wa siku ya 17, utajaza sahani uchafu wa seli zilizokufa na kubakiwa na TH za kuhesabu kwa vidole.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapoingia, nalo ni la kalenda. Maabara moja huita asubuhi ya kuonekana kwa kizibo cha manii, alama ya kwamba panya wamepandana, siku ya 0, nyingine huiita siku ya 1, nyingine siku ya nusu. Mtu anasoma "siku ya 14" kwenye maandishi ya wengine, anahesabu kwa desturi yake, anachelewa au anawahi siku nzima. Usiamini kalenda peke yake. Pima kiinitete kutoka utosi hadi kitako: kwa panya mkubwa wa siku ya 14 urefu huwa milimita 10 hadi 12. Ukikuta milimita 15, funga kazi, kwa sababu hakuna kiowevu kitakachorudisha siku zilizopita. Na kabla ya yote hayo, ruhusa ya kamati ya maadili iwe mkononi, na mama panya auawe bila mateso. Tunalisema hili tukimaanisha: kila mimba inayofunguliwa ovyo ni uhai uliopotea bure.

Twende kwenye upasuaji wenyewe. Viinitete vinahamishiwa kwenye sahani yenye maji ya chumvi ya Hanks yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, sahani ikiwa juu ya barafu. Chini ya hadubini ya macho mawili, mtazame kiinitete kwa ubavu. Mrija wa ubongo unapinda kama kiwiko. Kiwiko hicho ndicho ubongo wa kati. Kata mara moja mbele ya kiwiko, mara moja nyuma yake. Una kipande kama bomba fupi. Kipasue kwa mgongoni, si tumboni, kisha kifungue kilale kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Katikati kuna mfereji mwembamba: huo ndio sakafu, na tunachokitaka ni huo mfereji pamoja na ukanda mwembamba kila upande. Mbawa zinazobaki zitupwe. Anayeona huruma kuzitupa hupata seli nyingi zaidi, lakini asilimia ya TH inashuka, na mwishowe anapoteza muda kuhesabu seli asizozihitaji.

Tando zinazofunika ubongo zivutwe zote kwa koleo nyembamba namba 5. Ukiacha kipande cha utando, seli zake za nyuzi zitagawanyika na baada ya siku 5 zitakuwa zimetandaza zulia juu ya neuroni zako. Mkato wa mbele ukizidi, unaingiza ubongo ambao si wako. Mkato wa nyuma ukizidi, unaingiza neuroni za kemikali nyingine, za serotonini na zile za noradrenalini, nazo hizi za mwisho zina hila yake ambayo tutairudia.

Kuzitenganisha seli hutumia kimeng'enya. Wengine hutumia tripsini ya asilimia 0.05 hadi 0.1 kwa dakika 10 hadi 15 katika nyuzi 37. Sisi tunapendelea papaini, uniti 20 kwa mililita, kwa sababu ni mpole kwa neuroni. Papaini ndiyo ile inayotoka kwenye utomvu wa papai bichi, zao ambalo Kivu Kaskazini imewahi kulichanja na kuliuza nje. Lakini ile ya kupikia haifai: ya maabara imesafishwa, na inaamshwa na sisteini ya milimola 1 pamoja na EDTA ya milimola 0.5. Usipoiamsha, utangoja nusu saa na tishu itabaki kama ilivyo. Kuizima, tumia protini ya ute wa yai iitwayo ovomukoidi, au seramu.

Kwenye tone hilo hilo weka DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, mikrogramu 50 kwa mililita. Seli zinazopasuka humwaga DNA, nayo ni kamasi inayozishika seli nzima nzima pamoja. Ukiona uzi wa kamasi unaning'inia kwenye ncha ya pipeti, ndiyo huo. Ongeza DNase ungoje dakika 5, usilazimishe. Kisha pitisha tishu kwenye pipeti ya kioo ambayo mdomo wake umelainishwa kwa moto wa spiriti, mara 10 hadi 15, taratibu, bila mapovu. Povu huzichana seli. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 200 g kwa dakika 5, rudisha kwenye kiowevu, hesabu kwa rangi ya tripani buluu, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Zilizo hai zisipungue asilimia 90. Zikiwa 70, tafuta sababu kabla ya kupanda: mara nyingi ni muda. Kutoka kufungua mimba hadi kupanda seli, saa 2 zitoshe.

Sahani ziwe tayari tangu jana yake. Zipakwe poli-ornithini, inayozishikisha seli kwenye sahani, mikrogramu 15 kwa mililita usiku kucha, kisha zioshwe kwa maji safi mara tatu kamili, kwa maana poli-ornithini iliyobaki ikielea ni sumu kwa neuroni. Wanaoosha mara moja hukuta seli zimeshika vizuri siku ya kwanza na kufa zote siku ya tatu. Baada yake laminini, mikrogramu 2 hadi 5 kwa mililita, saa 2 au zaidi. Laminini iyeyushwe ndani ya barafu. Ikipata joto ghafla hugandamana na hutaweza kuigawa sawasawa.

Panda seli 150,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kisima cha sahani ya visima 24 kina karibu sentimita 2 za mraba, kwa hiyo seli 300,000. Tegemea asilimia 1 tu kuwa na TH, labda 3 mkono ukiwa mzuri. Hiyo ni seli 3,000 hivi kwa kisima. Wanafunzi hukata tamaa wakiona asilimia hiyo, lakini ndiyo kawaida ya tishu hii. Ukipanda chache, chini ya 50,000, neuroni hukosa msaada wa majirani na hufa. Ukipanda nyingi kupita kiasi, hujikusanya mafungu kama uji ulioganda na huwezi kuhesabu.

Kiowevu ni Neurobasal, kiowevu cha kukuzia neuroni, yenye mchanganyiko wa virutubisho uitwao B27 na glutamini ya milimola 0.5. Wengine huweka seramu asilimia 10 saa 24 za kwanza ili seli zishike, kisha huiondoa. Ongeza vitamini C mikromola 200: husaidia TH na hupunguza kuoza kwa dopamini, lakini vitamini C ya kawaida huharibika ndani ya siku moja kwenye joto la nyuzi 37, kwa hiyo bora ile yenye fosfati. B27 isiyeyushwe na kugandishwa mara mbili. Badilisha nusu ya kiowevu kila siku 3, kamwe si chote.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jambo linalofuata halimo kwenye maelekezo mengi, na hapa Goma lina maana kubwa. Maelekezo yanasema kabonidioksidi asilimia 5 na kunyamaza. Yameandikwa kwa miji iliyo karibu na usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Goma tuko karibu mita 1,500, na shinikizo ni 635 hivi. Ukitoa milimita 47 za mvuke wa maji ndani ya inkubeta, asilimia 5 ya pwani ni milimita 36, na asilimia 5 ya hapa ni 29. Kiowevu kinahisi hizo milimita. Hakihisi asilimia. Kwa hiyo pH hapa hupanda karibu 0.1, na mtu anaona fenoli nyekundu, rangi inayoonyesha pH, ikielekea waridi, anadhani kiowevu kimechakaa. Dawa yake ni kuweka asilimia 6. Lakini msikariri 6 kama wimbo, kwa kuwa vihisi vya inkubeta havisawazishwi vyote kwa namna moja. Weka sahani ya kiowevu kitupu usiku kucha, asubuhi pima pH mara tu unapofungua mlango, rekebisha hadi ikae kati ya 7.3 na 7.4.

Otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, ina shida hiyo hiyo. Ili mvuke ufike nyuzi 121, shinikizo kamili linahitajika kilopaskali 205. Pwani mshale husoma 104 juu ya hewa ya nje. Hapa lazima usome 120, maana hewa yetu ni 85 tu. Anayefuata alama nyekundu iliyochorwa kiwandani anapika vyombo kwenye joto pungufu, na uchafuzi unamfuata wiki nzima. Otoklevu inayoongozwa na kipima joto haina tatizo hili.

Na kuhusu chupa ya gesi yenyewe: watu wa Goma na Sake hawahitaji kufundishwa mazuku ni nini. Gesi inayoua mbuzi na watoto kwenye mabonde ya lava ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chupa ya inkubeta. Kilo 1 ya kabonidioksidi hapa hutoa zaidi ya lita 600. Chupa ya kilo 30 ikivuja yote ni mita za ujazo karibu 20, na chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina 22 na nusu tu. Chupa ifungwe kwa mnyororo ukutani, chumba kiwe na tundu la hewa chini karibu na sakafu, na asubuhi mlango ufunguliwe kabla mtu hajainama kuokota chochote.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuangalia kama bado kuna joto. Inkubeta yenye koti la maji hushika joto kwa saa kadhaa ikiwa imefungwa. Grupu (jenereta) ikiwaka, iache inkubeta itulie kabla ya kuongeza chochote. Siku ya upasuaji tumia kiowevu chenye HEPES milimola 10 hadi 25, ambacho hakihitaji gesi kushika pH yake mezani.

Sasa seli ziko ndani. Saa chache za kwanza ni viduara vinavyong'aa. Siku ya pili vimetoa miguu. Siku ya 4 au ya 5 mnaona utando wa nyuzi, na hapo seli za glia, walezi wa neuroni, zinaanza kugawanyika. Glia si adui. Mwaka 1993 protini ya GDNF ilipatikana kwenye seli za glia, na ni miongoni mwa walinzi wakubwa wa neuroni za dopamini. Lakini glia zikizidi zinafunika kila kitu, kwa hiyo wengine huweka saitosini arabinosidi mikromola 1 hadi 2 siku ya 4 kwa saa 24. Ukiiweka siku ya kwanza unaua hata wazazi wa neuroni ambao wangekuwa bado wanagawanyika. Katika wiki ya kwanza seli zenye TH hupungua hata zikitunzwa vizuri. GDNF na protini nyingine ya ulinzi, BDNF, kila moja nanogramu 10 hadi 20 kwa mililita, hupunguza vifo hivyo. Oksijeni iliyoshushwa kutoka asilimia 20 hadi 3 huongeza idadi ya TH, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2000, na inaeleweka: ubongo hai hauishi kwenye oksijeni ya chumbani. Hewa ya Goma yenyewe inatusaidia kidogo, kwa maana oksijeni yake ni sawa na asilimia 17 hivi ya pwani.

Siku ya 7 hadi 10, mkipaka rangi ya TH, mtaona mwili wa seli wenye pembe tatu au umbo la pia, miguu minene miwili au mitatu, na uzi mmoja mwembamba unaozunguka kisima kizima. Ukiukaribia uzi kwa lenzi ya mara 40, hauko laini: una vivimbe vidogo vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi, kila kivimbe kikiwa kituo cha kutolea dopamini.

Kupaka rangi kwenyewe: paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 15 hadi 20, osha mara tatu, fungua utando wa seli kwa sabuni ya Triton asilimia 0.1 hadi 0.3, ziba kwa seramu ya mbuzi asilimia 5, kingamwili ya TH 1 kwa 1,000 usiku kucha kwenye frigo, kisha ya pili yenye rangi saa 1. Kila mara kiwepo kisima kisichowekewa kingamwili ya kwanza. Kikiwaka nacho, picha zote za siku hiyo hazina thamani. Na anayehesabu asijue kisima kipi kiliwekewa nini.

Lakini TH peke yake haitoshi, na hii ndiyo ile hila tuliyoitaja. Neuroni ya noradrenalini nayo ina TH, kwa sababu noradrenalini hutengenezwa kutoka kwenye dopamini. Seli changa nyingine huwasha TH kwa muda na kuizima. Ndiyo maana tulisema mshike majina manne. Seli ya kweli ya ubongo wa kati ina TH na AADC ndani ya mwili, Foxa2 na Nurr1 ndani ya kiini, na baadaye VMAT2 na DAT. Njia nzuri kuliko zote ni kuipima kazi yake: ipe potasiamu milimola 50 kwa dakika 15, kusanya kiowevu, kitie asidi ya pakloriki ya mola 0.1 papo hapo juu ya barafu, maana dopamini huoza na kugeuka kahawia, kisha ipimwe kwa kromatografia. Sumu ya MPP+ pia hutoa ushahidi: huingia kwa mlango wa DAT, kwa hiyo mikromola chache huua zenye DAT na kuziacha nyingine.

Mtatuuliza kuhusu seli shina, zile ambazo bado zinaweza kugeuka seli za aina nyingi. Kanuni ni ile ile, isipokuwa hapo sisi ndio tunaocheza nafasi ya notokodi na kiuno. Tangu mwaka 2011 njia inayotumika ni kuzigeuza kwanza kuwa sakafu ya mrija kwa Shh, kisha kuzipa mahali kwa dawa ya CHIR99021 inayoiga Wnt. Dawa hiyo ndiyo inayowatesa watu. Katika baadhi ya njia hizo, mikromola 0.7 hutoa ubongo wa kati. Ukishuka, seli zinaelekea mbele ya ubongo. Ukipanda kidogo, zinaelekea nyuma na kutoa serotonini. Kila ukoo wa seli lazima upimiwe dozi yake upya. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 7 wa Kyoto waliopandikizwa seli za namna hii, na kabla ya kuwekwa kichwani seli hizo zilichujwa na kukaguliwa, kwa sababu zile ambazo hazikuacha kugawanyika zinaweza kuota uvimbe.

Picha mbili za mwisho ziko ukutani. Zote ni za siku ya 8, zote zina nyekundu ya TH ya kutosha, na kwa macho ya haraka ya kulia ndiyo yenye seli nyingi zaidi. Fuateni nyekundu hadi kwenye kiini mtafute kijani cha Foxa2. Kwenye picha ya kushoto kipo karibu kwa kila seli. Kwenye ya kulia viini vingi ni vyeusi: kipande hicho kilikatwa nyuma ya kiuno, kikachukuliwa kipana hadi kwenye mbawa.